Dhima ya jinai kwa kifo cha askari polisi (Tanzania)

Dhima ya jinai kwa kifo cha askari polisi ni suala la kisheria linalohusu nani anaweza kushtakiwa, kutiwa hatiani na kuadhibiwa pale askari polisi anapouawa. Katika Tanzania Bara jibu lake linapatikana hasa katika Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Zanzibar ina sheria zake za makosa ya jinai, ambazo hazielezwi hapa.

Kanuni kuu ni kwamba dhima ya jinai ni ya mtu binafsi. Hakuna familia, kijiji, kabila wala chama kinachobeba hatia ya mauaji kwa sababu muuaji ametoka humo. Mtu ambaye hakuua kwa mkono wake anaweza kuwajibika, lakini kwa njia zilizotajwa na sheria tu, na kila njia inahitaji ushahidi wake. Kwa kuwa adhabu ya mauaji ya kukusudia ni kifo, mpaka kati ya mshiriki na mtu aliyekuwapo tu ni jambo la uhai na mauti.

Namba za vifungu katika makala hii ni za toleo la marekebisho la sheria la mwaka 2022.

== Msingi wa kisheria ==

=== Hakuna kosa la pekee ===

Kanuni ya Adhabu haina kosa la pekee linaloitwa "kuua polisi". Askari akiuawa, kosa ni lile lile linalotumika kwa mtu mwingine yeyote: mauaji ya kukusudia (kifungu cha 196) au kuua bila kukusudia (kifungu cha 195). Maisha ya askari, mkulima, mfugaji na kiongozi yamelindwa kwa kifungu kimoja.

Cheo cha polisi kinatajwa katika makosa madogo zaidi. Kifungu cha 243 kinamhusu anayemshambulia, kumpinga au kumzuia askari anayetekeleza kazi yake kihalali, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5. Iwapo shambulio hilo linasababisha kifo, shauri linahamia katika vifungu vya mauaji.

=== Mambo yanayopaswa kuthibitishwa ===

Katika shtaka la mauaji ya kukusudia upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, kwamba:
* mtu aliyetajwa amekufa;
* kifo chake kilisababishwa na tendo au uzembe usio halali;
* mshtakiwa ndiye aliyetenda, au ni mshiriki kwa mujibu wa sheria;
* tendo lilifanywa kwa dhamira ovu.

Dhamira ovu imefafanuliwa katika kifungu cha 200. Inakuwapo ikiwa mtu alikusudia kuua au kujeruhi vibaya. Au alijua kwamba tendo lake huenda likaua au kujeruhi vibaya. Au alikusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka 3. Au alikusudia kumwezesha mtu aliyetenda au kujaribu kutenda kosa kukimbia au kutoroka kizuizini. Aina hii ya mwisho hugusa mara nyingi vifo vya polisi, kwa sababu askari wengi hushambuliwa wanapokamata watuhumiwa au kuwalinda.

Si lazima askari afe papo hapo. Kifungu cha 203 kinahesabu kuwa mtu amesababisha kifo hata kama tendo lake si sababu pekee wala ya moja kwa moja. Lakini kwa mujibu wa kifungu cha 205, kifo kinapaswa kutokea ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu tendo lilipofanyika.

== Watu wanaoweza kuwajibika ==

=== Mtendaji na wasaidizi ===

Kifungu cha 22 kinawahesabu wote wafuatao kuwa watenda kosa: aliyefanya tendo lenyewe, aliyefanya au kuacha kufanya jambo ili kumwezesha mwingine atende, aliyesaidia, na aliyeshauri au kushawishi kosa litendwe. Kwa hiyo aliyetoa bunduki akijua itatumika kumuua askari, na aliyemshika askari ili mwenzake amchome kisu, wanaweza kushtakiwa kwa kosa lile lile la mauaji.

Kifungu cha 24 kinamhusu mshauri. Aliyeshauri kosa fulani anawajibika hata kama kosa lililotendwa si lile alilolitaja, au limetendwa kwa njia nyingine, mradi yaliyotokea yalikuwa matokeo ya kutarajiwa ya ushauri wake.

=== Nia ya pamoja ===

Kifungu cha 23 ndicho kinachozua mabishano mengi mahakamani. Watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutekeleza jambo lisilo halali, na katika utekelezaji huo likatendwa kosa ambalo lilikuwa matokeo ya kutarajiwa ya jambo hilo, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda.

Majambazi wanne wakienda kuvamia benki na bunduki, na mmoja wao akampiga risasi askari wa lindo, wengine watatu hawaponi kwa kusema hawakugusa kifyatulio. Risasi ni jambo linalotarajiwa katika uvamizi wa namna hiyo.

Nia ya pamoja haihitaji kikao cha mapema. Mahakama za Afrika Mashariki zimekubali tangu enzi za ukoloni kwamba nia hiyo inaweza kuzaliwa pale pale kwenye tukio na kuonekana kwa matendo ya watu: kukimbiza pamoja, kupiga pamoja, kutojitenga pale mwenzao alipochomoa silaha. Hata hivyo ni lazima matendo hayo yathibitishwe kwa kila mshtakiwa. Kuwapo mahali pa tukio peke yake hakutoshi.

=== Waliosaidia baada ya tendo ===

Aliyemficha muuaji au kumsaidia akwepe adhabu, akijua alichofanya, si muuaji. Anashtakiwa kwa kosa tofauti la kusaidia baada ya kosa (vifungu vya 213 na 387), lenye adhabu ndogo zaidi. Mume au mke hahesabiwi kuwa na kosa hili kwa kumpokea mwenzi wake tu. Kula njama za kuua nako ni kosa tofauti (kifungu cha 215), ambalo linaweza kuthibitishwa hata kama mauaji hayakufanyika.

=== Wasiowajibika ===

Kwa mujibu wa kanuni hizo, hawana dhima ya mauaji:
* ndugu, jirani au mwanakijiji mwenzake muuaji ambaye hakushiriki;
* mtazamaji ambaye hakusaidia wala kuhimiza;
* kiongozi wa kijiji au wa chama, kwa cheo chake tu;
* aliyeitisha mkutano au kutoa malalamiko dhidi ya serikali, kama hakushauri fujo na kifo hakikuwa matokeo ya kutarajiwa ya maneno yake;
* mtoto chini ya miaka 10 (kifungu cha 15). Mwenye miaka 10 lakini hajafika 12 anawajibika tu ikithibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda hivyo.

Mtazamaji hata hivyo ana wajibu mwingine. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka anayefahamu kutendeka kwa kosa la jinai au kifo kisicho cha kawaida atoe taarifa polisi au kwa mwenye mamlaka wa eneo lake.

== Utetezi ==

=== Kujihami na kosa la uelewa ===

Vifungu vya 18 hadi 18C vinampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, kwa nguvu ya kiasi. Aliyetumia nguvu kupita kiasi katika kujihami, na mtu akafa, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Haki hii haimsaidii anayejua kwamba anakamatwa kihalali na askari asiyetumia nguvu isiyostahili.

Hali ni tofauti ikiwa hakujua. Askari wasiovaa sare wakivunja mlango usiku bila kujitambulisha, na mwenye nyumba akaamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, kwamba amevamiwa na majambazi, kifungu cha 11 kinaitaka mahakama impime kana kwamba hali ilikuwa kama alivyoiamini. Ndiyo maana sare, kitambulisho na maneno ya kumweleza mtu sababu ya kukamatwa kwake (kifungu cha 23 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai) humlinda raia na humlinda askari pia.

=== Kughadhabishwa ===

Kifungu cha 201 kinapunguza mauaji ya kukusudia kuwa kuua bila kukusudia pale mtu alipoua kwa hasira ya ghafla iliyotokana na kughadhabishwa, kabla ya hasira kupoa. Kifungu cha 202 kinaeleza kuwa tendo halali halihesabiki kuwa la kughadhabisha. Ukamataji usio halali si lazima uhesabiwe kuwa wa kughadhabisha, lakini unaweza kuwa ushahidi wa jambo hilo kwa mtu aliyejua kwamba si halali.

=== Ugonjwa wa akili ===

Mtu ambaye kwa sababu ya ugonjwa wa akili hakuelewa anachofanya, au hakujua kuwa hapaswi kukifanya, hawajibiki (kifungu cha 13). Mshtakiwa ambaye afya yake ya akili inatiliwa shaka anaweza kupelekwa kwa uchunguzi katika taasisi ya Isanga, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma.

== Mfano wa kufikirika: tukio katika Kolo ==

Kolo ni kata ya Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma, kaskazini mwa mji wa Kondoa, katika eneo la michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mfano ufuatao si tukio la kweli. Umewekwa ili kuonyesha jinsi vifungu vinavyofanya kazi katika kata ya vijijini ya namna hiyo.

Tuseme askari mwenye sare anafika siku ya mnada kumkamata mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe. Vurugu zinazuka, askari anachomwa mshale na kufa.
* Mtu wa kwanza ndiye aliyepiga mshale. Anawajibika kama mtendaji.
* Mtu wa pili alimshika askari mikono ili asikwepe. Ni msaidizi chini ya kifungu cha 22, na kosa lake ni lile lile.
* Mtu wa tatu alipiga kelele "mpigeni!" kabla ya mshale kupigwa. Swali ni je, alihimiza, na je, kifo kilikuwa matokeo ya kutarajiwa ya maneno yake? Jibu linategemea ushahidi wa maneno hasa, wakati yaliposemwa na kama mpigaji aliyasikia.
* Mtu wa nne alirusha mawe kuwazuia askari wasimchukue mtuhumiwa, lakini hakujua kwamba kuna mwenye upinde. Ana kosa la kumshambulia askari. Kama anaunganishwa na mauaji kwa nia ya pamoja ni suala la kuthibitishwa.
* Mtu wa tano, muuza mahindi ya kuchoma, alisimama na kutazama. Ni shahidi.
* Mtu wa sita alimlaza mpigaji nyumbani kwake usiku ule, akijua yaliyotokea. Anawajibika kwa kusaidia baada ya kosa.
* Mtu wa saba ni mwenyekiti wa kijiji, aliyeitisha mkutano juzi yake kulalamikia ukamataji wa ovyo. Kama hakuhimiza fujo, hana kosa.

Watu saba wa mnada mmoja wana majibu yasiyofanana. Hati ya mashtaka inayowaweka wote saba katika kosa moja la mauaji ingepaswa kuonyesha mahakamani alichofanya kila mmoja.

== Mwenendo wa kesi ==

Kesi ya mauaji huanza kwa upelelezi wa polisi na uchunguzi wa maiti unaofanywa na daktari. Ni hali yenye ugumu wake, kwa kuwa wapelelezi ni wenzake marehemu. Uamuzi wa kushtaki si wao: uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka awe huru na azingatie haja ya kutenda haki na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za sheria.

Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kusikiliza mauaji. Mshtakiwa wa Kolo angefikishwa kwanza katika Mahakama ya Wilaya ya Kondoa, ambako hatakiwi kujibu lolote, na upelelezi ukikamilika jalada lingehamishiwa Mahakama Kuu, Dodoma. Rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Kosa la mauaji halina dhamana (kifungu cha 148). Mshtakiwa hukaa rumande mpaka kesi iishe au ifutwe, hata kama mwishowe itaonekana hakuhusika. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema mtu asichukuliwe kuwa ana kosa mpaka ithibitike, lakini kwa mshtakiwa wa mauaji haki hiyo anaidai akiwa gerezani.

Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu (kifungu cha 91). Kuondolewa huko si kuachiwa huru kwa hukumu, kwa sababu mtu anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale.

== Adhabu ==

Adhabu ya mauaji ya kukusudia ni kifo (kifungu cha 197), na jaji hana hiari ya kutoa nyingine. Kuua bila kukusudia kuna adhabu isiyozidi kifungo cha maisha, na hapo jaji anaweza kupima mazingira. Aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kifo, na mwanamke mjamzito vilevile.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua katika shauri la Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikaona inaruhusiwa na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kuilazimisha adhabu hiyo bila kumpa jaji hiari kunakiuka haki ya kuishi. Hukumu za kifo zimeendelea kutolewa, ingawa hakuna mtu aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990.

== Matukio nchini Tanzania ==

=== Isimani, 1971 ===

Tarehe 25 Desemba 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, katika shamba lake huko Isimani, wakati wa utekelezaji wa sera ya Ujamaa. Aliupeleka mwili mwenyewe kwenye kituo cha polisi. Marehemu hakuwa polisi, lakini shauri hilo linaonyesha kanuni ile ile: aliyeuawa alikuwa mwakilishi wa serikali, na kosa lilikuwa la mauaji ya kawaida. Mwamwindi alitiwa hatiani na kunyongwa.

=== Loliondo, 2022 ===

Tarehe 10 Juni 2022, wakati serikali ikiweka mipaka ya pori tengefu katika eneo la Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale katika mvutano na wakazi. Wakazi kadhaa walijeruhiwa, wakiwemo waliopigwa risasi.

Siku chache baadaye Wamasai zaidi ya 20, wakiwemo madiwani na viongozi wengine wa Chama cha Mapinduzi, walifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi ya Arusha kwa mashtaka ya kula njama za kuua na mauaji. Mawakili wao walieleza kwamba baadhi ya washtakiwa walikuwa wamekamatwa tarehe 9 Juni, siku moja kabla ya askari kuuawa. Tarehe 22 Novemba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa kesi, na washtakiwa 24 wakatoka rumande baada ya zaidi ya miezi 5.

Shauri hilo linaonyesha pande mbili za suala hili. Aliyekuwa mikononi mwa polisi wakati mshale ukipigwa hawezi kuwa mpigaji, na ili awajibike ingebidi ithibitishwe kwamba alishauri au kupanga mapema. Kwa upande mwingine, kesi ilipoondolewa swali la nani alimuua askari lilibaki bila jibu la mahakama. Kuwashtaki watu wengi bila ushahidi wa kila mmoja kunawaumiza washtakiwa, na hakuipatii familia ya marehemu haki yake.

=== Dar es Salaam, 2021 ===

Tarehe 25 Agosti 2021 mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa, kisha naye akauawa na polisi. Katika hali hiyo hakuna kesi dhidi ya muuaji, kwa kuwa dhima ya jinai hufa na mwenyewe. Hairithiwi na ndugu zake. Upelelezi unaweza kuendelea dhidi ya wengine ikiwa tu kuna dalili kwamba walisaidia au walishauri.

== Adhabu ya pamoja enzi za ukoloni ==

Kanuni ya dhima binafsi haikufuatwa daima Afrika Mashariki. Nchini Kenya sheria ya adhabu ya pamoja ya mwaka 1909 iliiruhusu serikali ya kikoloni kuliadhibu kundi zima kwa kosa la watu wachache. Tarehe 24 Aprili 1950 huko Kolloa, Baringo, wafuasi wa Dini ya Msambwa walioongozwa na Lukas Pkiech walipambana na kikosi cha serikali. Maafisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika waliuawa, pamoja na Wapokot 29, akiwemo Pkiech. Baada ya hapo jamii ya Wapokot iliadhibiwa kwa pamoja, na mifugo yao ikachukuliwa, ikiwemo ya watu ambao hawakufika Kolloa. Adhabu ya namna hiyo haina nafasi katika Katiba ya Tanzania ya leo.

== Nchi nyingine ==

=== Uingereza ===

Tofauti na Tanzania, Uingereza iliwahi kuwatenga polisi katika sheria ya mauaji. Sheria ya mwaka 1957 ilibakiza adhabu ya kifo kwa aina chache za mauaji, mojawapo ikiwa ni kumuua askari polisi akiwa kazini.

Shauri linalotajwa sana ni la Derek Bentley. Tarehe 2 Novemba 1952 yeye, mwenye umri wa miaka 19, na Christopher Craig wa miaka 16 walikuwa juu ya paa la ghala huko Croydon wakitaka kuiba. Craig alimpiga risasi na kumuua askari Sidney Miles. Wakati huo Bentley alikuwa tayari amekamatwa. Wote wawili walitiwa hatiani. Craig hakunyongwa kwa sababu ya umri wake, na Bentley, ambaye hakufyatua risasi, alinyongwa tarehe 28 Januari 1953. Tarehe 30 Julai 1998 mahakama ya rufaa ilitengua hatia yake, kwa sababu jaji hakuwaelekeza wazee wa baraza kwa haki. Marekebisho hayo yalikuja miaka 45 baada ya kifo chake.

=== India ===

Mwezi Februari 1922 umati wa watu huko Chauri Chaura ulichoma kituo cha polisi, na askari zaidi ya 20 wakafa. Mahakama ya kwanza iliwahukumu kifo watu 172. Mahakama Kuu ya Allahabad ilipopitia ushahidi wa mmoja mmoja ilithibitisha hukumu ya kifo kwa 19 tu. Shauri hilo linaonyesha tofauti kati ya kuuhukumu umati na kuwahukumu watu waliomo ndani yake.

== Dhima nje ya kesi ya jinai ==

Si kila kifo cha askari ni mauaji ya kukusudia. Dereva anayemgonga askari wa usalama barabarani kwa uendeshaji wa hatari hushtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani. Askari anayemuua mwenzake kwa uzembe mkubwa wa kushika silaha anaweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kwa kuwa sare haimkingi mtu na Kanuni ya Adhabu.

Wategemezi wa marehemu wanaweza pia kufungua shauri la madai dhidi ya aliyesababisha kifo. Katika shauri la namna hiyo uthibitisho unaotakiwa ni mdogo kuliko wa jinai: inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Serikali nayo inaweza kudaiwa, kwa taratibu za Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali (Sura ya 5), ikiwa kifo kilitokana na uzembe wa watumishi wake.